Seward Si ya Wenye Magoti Mazima Tu

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Anchorage, kabla ya safari ya kiangazi. Waliokosa siku ile wameiomba, nami naiweka yote. Picha za ukutani nimeziacha; maneno ni yale yale.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo? Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, jambo yenu. Na ninyi watoto mliokaa chini hapo mbele, msiyamalize maandazi kabla sijamaliza kusema.

Kamati imenipa dakika 20 nieleze safari ya Seward: basi linaondoka saa ngapi, nani analeta nini. Nitayasema. Lakini kwanza nina swali, na mnijibu kwa kunyoosha mikono. Nani humu amewahi kwenda matembezi na jumuiya hii, akaachwa mezani kulinda masufuria?

Enhe. Naiona mikono. Naona na mkono wa mama mkwe wangu, na ule umenyooshwa juu kuliko yote.

Sasa geukeni mtazame ni mikono ya nani. Wazee. Mama mjamzito. Dada aliyefanyiwa operesheni ya nyonga mwaka juzi. Ndugu yetu wa kiti cha magurudumu. Kila kiangazi ni hivyo hivyo: tunafika mahali pazuri, vijana wanapotelea mlimani, na hawa tunawaambia, "Ninyi pumzikeni hapa." Wapumzike! Mtu amekaa ndani ya gari saa mbili na nusu, apumzike nini tena?

Kwa ambao hamjafika, Seward ni mji mdogo, wakazi wake hawafiki 3,000, maili 127 kusini mwa hapa tulipo. Mbele yake kuna Ghuba ya Resurrection. Nyuma yake milima imesimama wima kama ukuta, na nyuma ya milima hiyo umelala uwanda wa barafu wa Harding, unaomwaga mito ya barafu karibu 40 kila upande. Mingine inashuka hadi baharini. Bahari na barafu vinapakana, kama nazi na mchele.

Kwetu haiko hivyo. Barafu yetu sisi iko Kilimanjaro, juu ya mita 5,000, na ukitaka kuifikia ulipie, upande siku tano au sita, na kichwa kikuume. Mama mkwe wangu amezaliwa Marangu. Ameiona Kibo kila asubuhi ya maisha yake kutoka kwenye migomba yake, na hajawahi kuikaribia hata siku moja. Barafu kwake ilikuwa kama mwezi, kitu cha kutazamwa tu. Mwaka jana alipokuja kututembelea nikajisemea, huyu mama hatalinda sufuria.

Nianze na iliyo karibu, njia ya ufukweni.

Tarehe 27 Machi 1964, jioni ya Ijumaa Kuu, tetemeko la kipimo cha 9.2 liliipiga Alaska. Watanzania wenzangu, mwaka huo tunaukumbuka kwa mambo mengine. Muungano ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Pale Seward ukingo wa mji ulimeguka ukatumbukia baharini, matangi ya mafuta yakashika moto, kisha tsunami ikaingia mjini na moto ukielea juu ya maji. Watu walikufa. Gati, reli, maghala, vyote vilikwenda.

Walipojenga upya, bandari na reli walivihamishia kule ghuba inakoishia. Ukanda ule wa ufukwe hawakuurudishia majengo makubwa. Wakauacha uwe wa watu: mahali pa kupiga mahema, nyasi, mabenchi, na njia ya lami inayokwenda sambamba na maji kutoka bandari ya boti ndogo hadi kwenye jumba la viumbe wa baharini. Haifiki maili mbili, na ni tambarare mwanzo mpaka mwisho. Kigari cha mtoto kinapita, kiti cha magurudumu kinapita, mkongojo unapita. Ukikaa benchi ukatulia, unaweza kumwona fisi maji amelala chali juu ya mawimbi akila chakula chake kifuani, kama baba mwenye nyumba siku ya Jumapili.

Ukifika mwisho wa njia hiyo kuna alama ya Maili Sifuri. Ndipo inapoanzia njia ya kihistoria ya Iditarod, ile ya mbwa wanaovuta magari ya theluji, inayokwenda hadi Nome kule kaskazini magharibi, safari inayokaribia maili 1,000. Mzee mmoja wetu, Mrundi, anayetembelea fremu, alifika pale kwa hatua zake mwenyewe na kupumzika mara nne. Akaomba apigwe picha. Akampigia simu mwanawe Bujumbura akamwambia, "Nimeianza safari ya maili elfu moja." Mwanawe akauliza, "Na unarudi lini?" Mzee akajibu, "Chakula cha mchana."

Mnacheka. Lakini mzee huyu safari mbili kabla ya hapo alikuwa mezani akipunga nzi.

Sasa twende kwenyewe, Exit Glacier. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Exit ni mmoja wa ile mito ya barafu ya Harding, na uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords, iliyoanzishwa mwaka 1980. Jina lake lilitokana na wapanda milima waliouvuka uwanda wote wa Harding mwaka 1968 wakashukia hapo. Palikuwa ni pa kutokea, basi pakaitwa hivyo. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo huendi ila kwa boti au ndege. Exit ndipo mahali pekee pa hifadhi gari linapofika. Barabara yake ni ya maili nane na kitu, inaishia kwenye maegesho, na getini hayupo wa kukudai kiingilio.

Kutoka hapo kuna njia tatu, na kila moja imeandikwa ubaoni urefu wake na ukali wake. Nilipouona ubao ule nilifurahi kuliko nilivyoiona barafu. Kwa nini? Kwa sababu mimi neno "rahisi" nimelichoka. Ukimwuliza kijana njia ikoje, atakwambia, "Rahisi tu, mzee, twende." Rahisi kwa nani? Ina mawe? Ina ngazi? Imeinama upande mmoja? Pa kukaa papo? Choo kiko wapi? Mwenye mguu mbovu hataki kufarijiwa. Anataka kuambiwa ukweli kabla hajakanyaga, aamue mwenyewe.

Njia ya kwanza ni mzunguko wa maili moja, mpana, uliosawazishwa, umetengenezwa kiti cha magurudumu kipite. Ya pili inaendelea kupanda hadi mahali pa kuitazama barafu kwa karibu zaidi, jumla maili 2.2 kwenda na kurudi, na kipande chake cha mwisho kina mawe na mwinuko. Ya tatu ni ya Harding yenyewe; hiyo nitaifikia.

Njiani mtaona vibao vyenye mwaka tu, bila maneno mengi. 1917. 1926. 1951. 2005. 2010. Kila kibao kimesimama pale barafu ilipokuwa inaishia mwaka huo. Unatembea kutoka mwaka hadi mwaka. Tangu 1815, ulipokuwa umesonga mbele kuliko wakati wowote wa karne hizi, mto huo umerudi nyuma zaidi ya kilomita 2. Barack Obama alipita kwenye vibao hivyo tarehe 1 Septemba 2015, wiki tano tu tangu atoke Nairobi. Wakenya wenzetu mnaikumbuka hotuba yake ile ya Kasarani.

Na si vibao peke yake. Tazameni miti. Barafu ilikoondoka zamani, kuna miti mikubwa ya misprusi. Ukisogea mbele unakuta miti ya majani mapana, halafu vichaka vya alder, ambavyo kazi yake pale ni kama ya kunde shambani, vinairutubisha ardhi kwa naitrojeni ili wengine waje waote. Mbele kabisa ni jiwe tupu, lina michirizo kama limepigwa msasa. Mama mkwe wangu ni mkulima. Hakuhitaji kuelezwa. Alisimama pale kwenye alder akasema, "Shamba hili bado linaandaliwa."

Siku hiyo tulikuwa na ndugu yetu wa Uvira. Yuko humu, amenikataza nisimtaje jina. Tulizunguka naye ule mzunguko wa maili moja, yeye kwenye kiti, mimi nikijifanya nasukuma kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinivuta. Tukafika mahali barafu inapoonekana. Ni nzuri, ya bluu, imening'inia kule kwenye bonde lake. Kule. Mbali. Akaitazama kitambo. Akaniambia, "Kaka, njia yangu imebaki, barafu yangu imehama."

Nimelala na maneno hayo usiku mwingi. Kwa sababu ni kweli. Zamani uso wa barafu ulikuwa chini kwenye tambarare, mtu wa kawaida anatembea kidogo tu anaifikia. Sasa inapanda mlima, inarudi ilikotoka. Mwenye miguu anaifuata. Asiye na miguu anaitazama inavyomwacha. Tunasikia kila siku barafu za dunia zinayeyuka. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912. Nani aliwahi kukwambia kwamba wa kwanza kuikosa ni mzee, ni mtoto, ni mlemavu? Mimi sikuambiwa na mtu mpaka niliposimama nyuma ya kile kiti.

Basi nani aende mwaka huu? Mimi nasema hao waende kwanza. Vijana mna miaka mingine.

Mama mkwe wangu? Tulimshika mkono, mimi huku, mke wangu kule, tukapanda ya pili hadi pale mawe yalipoanza. Akasema basi, hapa panatosha. Akaitazama barafu kwa muda mrefu, kanga imefungwa juu ya koti. Nikamwuliza, "Mama, unaionaje?" Akasema, "Nayo inakonda kama ile ya kwetu." Kisha akaniambia nimtafutie pa kukaa.

Jambo lingine: maji. Na hapa naungama mbele yenu.

Kusini mwa mji, kutoka Lowell Point, kuna njia ya pwani inayokwenda Caines Head, walikojenga ngome wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maili moja na nusu ya kwanza hadi Tonsina Point ni ya msituni, inapanda na kushuka, ina madaraja ya mbao juu ya kijito ambacho samoni wanakipanda kiangazi. Nzuri kwa mwenye magoti ya wastani. Lakini kutoka hapo hadi North Beach unapita kwenye ufukwe wenyewe, chini ya majabali, na kanuni ya pale ni moja: pita maji yakiwa futi 3 au chini ya hapo kwenye jedwali la maji. Si vinginevyo.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Baba yangu alikuwa mvuvi. Bamvua naijua, maji mafu nayajua, kupwa na kujaa nimevijua kabla ya alfabeti. Kuna mtu wa Alaska wa kunifundisha mimi maji? Jedwali sikulitazama. Nikaangalia bahari kwa macho, nikasema, haya yanatoka.

Yalikuwa yanaingia.

Wapendwa, nilikaa juu ya mwamba kwa muda wa saa sita. Kwa bahati ilikuwa mwezi wa Juni, saa nne usiku na jua bado lipo. Waislamu wenzangu mnaijua Maghribi ya Juni ya huku inavyotutesa. Nilikuwa na chapati mbili na aibu nyingi. Maji yale nayo yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ya Pangani, lakini saa zake si za Pangani, na ufukwe wake sikuwahi kuucheza utotoni. Nilipotoka, mama mmoja Mzungu, mzee, akapishana nami pale Tonsina Point akaniuliza kwa upole kama nililiona jedwali. Nikamwambia niko sawa, asante. Sikumwambia mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo kundi la Caines Head litatoka saa mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, na jedwali atashika mtu mwingine, si mimi.

Vijana, naona mmeanza kusinzia, mnangoja milima. Haya.

Mount Marathon ni ule mlima uliosimama juu ya mji; pale wakimbiaji wanapogeukia ni futi 3,022. Kila tarehe 4 Julai kuna mbio za kuupanda na kuushuka, zinazohesabiwa tangu 1915. Wanasimulia kwamba zilianzia kwenye ubishi wa baa, kama mtu anaweza kwenda na kurudi ndani ya saa moja. Wenye mbio siku hizi wanafanya kwa dakika 40 na kitu. Lakini mwaka 2012 mkimbiaji mmoja alipotea kwenye mbio hizo na hajapatikana mpaka leo. Njia ya wakimbiaji ni ya wakimbiaji. Sitaki kumwona mtoto wa mtu pale na raba za kuendea kanisani.

Uwanda wa Harding ndio wenyewe. Maili 8.2 kwenda na kurudi, na kila maili unapanda kama futi 1,000. Muda wake ni saa sita hadi nane za kutembea. Mwanzoni mwa kiangazi juu bado kuna theluji. Ukifika mwisho wake, unaona nyeupe isiyo na upande wa pili, na vilele vya mawe vimechomoza humo kama vichwa vya watu wanaooga.

Nasimulia kama nimefika. Sikufika. Goti langu la kushoto lilinigomea kwenye maili 2.4, mahali paitwapo Top of the Cliffs. Nilikaa kwenye jiwe nikiwa na hasira, vijana wakaendelea. Pale palikuwa na mama mmoja, nywele nyeupe, anakula tufaha. Nikamwambia kwa huzuni kwamba nimeshindwa kufika juu. Akanitazama, akauliza, "Juu ya nini?" Yeye tangu nyumbani alikuwa amepanga kuishia pale. Alikuwa na chai ya moto kwenye chupa, ana kiti kidogo cha kukunja, barafu yote iko chini ya miguu yake, na mimi nimesimama pembeni nanuna. Tulikuwa mahali pale pale, mwenzangu amefika, mimi nimeshindwa.

Kwa hiyo fomu zinazozunguka sasa hivi, kila mtu aandike anataka kuishia wapi. Si njia gani tu, aishie wapi. Harding ina vituo: maili 1.4 kuna Marmot Meadows, penye maua, 2.4 ni pale pangu, 4.1 ni mwisho. Ukiandika 1.4, ukafika 1.4, umefika. Hakuna wa kukuvuta mkono akisema "kidogo tu, kidogo tu".

Mambo ya haraka haraka. Dubu wapo, weusi na wa kahawia, kote nilikotaja, hata njia fupi ya Two Lakes iliyo mjini. Msitembee kimya. Sisi tuna kwaya, imbeni. Ukimwona usikimbie. Kila kundi litakuwa na dawa ya kupuliza ya pilipili, na mshikaji wake awe amejifunza kuitumia kabla hatujatoka hapa. Kuna mmea mrefu wenye maua meupe kama mwavuli. Utomvu wake ukikugusa na jua likapiga, ngozi inababuka. Watoto, mmesikia? Msiuchume. Makoti ya mvua lete, hata anga likiwa kama kioo.

Basi linaondoka saa 12 asubuhi, ya Kiswahili na ya kweli, si ile ya harusi. Tunapitia Exit kwanza, kabla maegesho hayajajaa. Wa mzunguko wa maili moja wanashuka wa kwanza, hawangoji mtu. Kila kiti cha magurudumu kina wasukumaji wawili wa kupokezana; ndugu yetu wa Uvira amesema atawachagua mwenyewe, na kwamba mimi sipo kwenye orodha.

Na masufuria. Mwaka huu yatalindwa kwa zamu, saa moja moja, na zamu ni za wenye umri wa miaka 18 hadi 45 wenye magoti mazima. Karatasi iko mlangoni. Zamu ya kwanza nimeshajiandika mimi, kwa goti moja. Mama mkwe wangu amesimamia mwenyewe nikiandika jina.